Soda ya Kukomboa Simu

Nianze na utani, maana bila utani haya hayaeleweki. Baba yangu alikuwa Mzaramo. Kazi ya reli ilimleta Tabora akiwa kijana, akaoa hapa hapa na kufia hapa hapa. Kwa Wanyamwezi sisi ni watani, na jambo hilo halikuanza jana. Lilianza enzi za misafara, watu wa huku wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, sisi wa kule tukiwapokea, mara kwa chakula, mara kwa marungu. Walipochoka kuumizana wakaona bora wachekane. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na utacheka. Ataingia kwako akamate jogoo, aseme huyu ni wangu mpaka umkomboe, na utamkomboa. Baba yangu alikuwa bingwa wa misiba. Nilipokuwa mdogo nilimwona akiingia kaburini kabla ya jeneza, analala chali, anasema hapa pazuri, hatoki mtu mpaka wampe chochote. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka, wakampa. Mtani hakasirikiwi na mtani hanyimwi, ndivyo nilivyolelewa.

Bosi wangu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu. Alikuwa mthamini wa majengo, mwenye shahada na miwani. Ofisi yake pale mjini ilisimamia nyumba za watu wanaoishi mbali, na chache za wenyeji. Sisi ndio tuliotafuta wapangaji, tukaandika mikataba, tukatunza funguo. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kuonyesha vyumba. Chumba nilichopanga mwenyewe kilikuwa Mtendeni, na kilitoka mkononi mwake vile vile.

Asubuhi tulianza kazi kwa matusi. Yeye: Wazaramo mnajua ngoma tu, kazi hamjui. Mimi: nyie mmebeba mizigo ya watu mpaka shingo zikazama, ndiyo maana tai haikukai. Wateja walikuwa wakicheka, na wengine walipanga kwetu kwa sababu ya kicheko hicho. Sikatai, nilimpenda kama mtani. Kama bosi alikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa kutaka kupendwa na kila aliyeingia mlangoni.

Mwaka mmoja akaenda Dodoma kwenye semina ya watu wa majengo, wafundishwe kutunza taarifa za wapangaji. Kuna sheria sasa, huwezi kumwaga majina na vitambulisho vya watu ovyo. Alirudi kavimba. Akanunua kabati la chuma lenye kufuli mbili na mashine ya kuchana karatasi iliyonguruma ofisi nzima. Akatukataza kuacha faili mezani hata tukienda msalani. Akanibadilishia paswedi ya kompyuta, mwenyewe akiiita nywila kwa mdomo uliobana kama wa mhubiri. Cheti cha semina alikitundika ukutani nyuma ya kiti cha mteja, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Ila picha za wapangaji na vitambulisho vyao tuliendelea kuzipiga kwa simu yake, kwa sababu ilikuwa na kamera nzuri. Nilimuuliza, na hiyo simu kufuli yake iko wapi? Akasema simu iko mfukoni mwake, na mfukoni mwake haingii mtu.

Kiangazi akaja mama mmoja kutafuta chumba. Alikuwa fundi cherehani, wazazi wake ni wale wa Ulyankulu ambao wazee wao walitoka Burundi. Mkono mmoja alishika cherehani kilichofungwa kwenye shuka, mkono mwingine alimshika binti yake ambaye bado hajaanza shule. Nilimwonyesha chumba Mtendeni, nyumba ya mama mmoja mjane, mitaa miwili kutoka kwangu. Alikagua komeo la mlango kabla ya kutazama dirisha. Nikajua.

Tulipofika ofisini kuandika mkataba akasema ana ombi moja tu. Alikimbia Igunga. Mumewe ana mashine ya kukoboa mpunga kule, ana pesa na ana marafiki barabara nzima, na alishamwambia kwamba siku atakayoondoka atamtafuta mpaka ampate, na akimpata hatashona tena. Alisema hivyo hivyo, hatashona tena, akitazama cherehani chake chini.

"Naomba asijue mtu niko wapi," akasema. "Hata akija mtu akasema ni ndugu yangu. Sina ndugu anayenitafuta."

Bosi akamwambia, "Mama, hapa umefika benki." Akamwonyesha kabati na kufuli zake. Akamwonyesha cheti. Mama akasita tulipomwomba kitambulisho na picha, akauliza kama lazima. Bosi akacheka ule mcheko wake mtamu: "Mficha uchi hazai, mama yangu. Ukitaka tukulinde, lazima tukujue." Basi akakaa kwenye kiti cha mteja na mimi nikampiga picha kwa simu ya bosi, cheti kikiwa nyuma ya kichwa chake. Tukapiga na kitambulisho, na ukurasa wa mkataba wenye mtaa na namba ya nyumba. Kisha bosi akaweka karatasi kabatini na kufunga kufuli zote mbili mbele yake, taratibu, ili azione. Mama akapumua. Nilimwona mabega yakishuka.

Alikaa vizuri. Alishona sare za shule, na siku moja alinipunguzia gauni bila kutaka malipo, nikampelekea ndizi. Binti yake alianza kunisalimia shikamoo kutoka mbali, akipiga kelele mtaa mzima. Mama mwenye nyumba akaniambia hajawahi kupata mpangaji anayefagia uwanja bila kuambiwa.

Halafu akaja mtani mwingine.

Nilikuwa nimetoka kuonyesha nyumba. Nikirudi, nikamkuta bosi dukani ng'ambo ya barabara, anasubiri soda, uso wote meno. "Nimetekwa," akaniambia. "Kaja ndugu yako Mzaramo, dereva wa lori. Kaninyang'anya simu mkononi, anasema haachii mpaka niikomboe kwa soda."

"Simu ilikuwa imefunguliwa?"

"Si nilikuwa naisoma, mtani."

Nikavuka barabara mbio. Mwanamume amekaa kwenye kiti cha mteja, mguu juu ya mguu, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye kioo, na simu yake mwenyewe iko pajani. Nikamwambia shikamoo, maana alinizidi umri. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamuuliza, kwetu wapi? Akasema Kisarawe. Kisarawe wapi? Akasema pale pale Kisarawe, karibu na stendi. Jamani, Mzaramo ukimuuliza kwao anakutajia kijiji, na mwembe, na bibi yake aliyeupanda. Huyu ananitajia stendi. Nikanyoosha mkono nipewe simu. Akaniangalia mara ya kwanza, akatabasamu, akasema kama watani waitanavyo, "Wewe si mtumwa wangu, dada. Namsubiri mtumwa wangu."

Mtumwa wake akaingia na soda ya nanasi. Simu ikarudi kwa heshima zote, mikono miwili. Bosi akacheka, jamaa akacheka, akanywa nusu, akasema deni halijaisha, atarudi siku nyingine kukamata meza. Akaondoka. Chupa ilibaki juu ya meza ile ambayo sisi tulikatazwa kuachia faili.

Nikamwambia bosi, yule si Mzaramo. Angalia alichofungua.

"Una wivu," akasema. "Unataka uwe mtani wangu peke yako."

"Angalia tu."

"Mtani hanyimwi. Baba yako hakukufundisha?" Akaitia simu mfukoni, mle asimoingia mtu, akaniambia niende nikachane karatasi.

Mume alikuja siku ya pili yake, mchana kweupe. Mimi sikuwepo, nilikuwa Bukene kukagua ghala la mteja. Nilisimuliwa na mama mwenye nyumba, na mpaka leo sijui kama alielewa anachosimulia. Alisema alikuja mwanaume mstaarabu sana na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Alimpa shikamoo kwa kuinama. Alimletea mfuko wa mchele wa Igunga, mpya, unanukia. Akasema amekuja kumchukua mkewe, walikoseana kidogo, sasa yameisha. Na ili asidhaniwe tapeli akaonyesha picha ya mkewe kwenye simu.

"Ile uliyompiga wewe pale ofisini," mama mwenye nyumba akaniambia. "Nyuma kinaonekana cheti cha bosi wako, kile cha dhahabu. Nikajua basi mambo yamepitia ofisini."

"Na mwenyewe alisema nini?"

"Hakusema kitu. Mume alimbeba mtoto kwanza, akamweka mbele kwenye gari. Basi na yeye akafuata. Vijana wa jirani walimsaidia kupakia cherehani." Akanitazama. "Mbona umekasirika? Hata hakupigwa."

Nilikwenda ofisini nikamwambia bosi kila kitu, nikiwa nimesimama. Nikamwambia picha ile imetoka wapi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema mume kamchukua mkewe, madalali tunaingiaje katikati ya ndoa ya watu? Nikasema twende polisi. Akasema tukaseme nini, kwamba tumecheka na mtu? Asubuhi yake nikafungua grupu la madalali na kukuta ameshatangaza kile chumba. Kipo wazi, eneo salama, jirani na huduma zote. Pazia la mama lilikuwa bado dirishani kwenye picha, la kitambaa alichokishona mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nyie mnaouliza, kodi yenu analipa nani?

Masika yakapita. Nikatumwa Igunga kumfuata mwenye nyumba mmoja asaini mkataba. Nikishuka kwenye basi, barabarani pale yanapopumzika malori, nikasikia shikamoo yenye kelele. Yule mtoto, kakonda. Mama yake alikuwa nyuma ya beseni la karanga, anazipima kwa mkono wa kushoto. Kulia kumezungushiwa kitenge mpaka kwenye kiwiko, na chini ya kitenge hakukuwa na umbo la mkono.

Nikachuchumaa. Nikasema pole.

"Mkanda wa mashine," akasema.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye mkanda wa mashine?"

"Sikuwa nafanya kitu. Nilishikwa mkono, ukapelekwa." Akampimia mteja, akampa, akasema asante karibu tena. "Hospitali walisema ni ajali. Na mimi nilisema ni ajali, maana mtoto alikuwa kwa mama wa mume siku zile zote."

Sijawahi kuchukia mtu kama nilivyochukia pale, na huyo niliyemchukia hakuwa hata mume. Mume ni mnyama na alitangaza mapema kwamba ni mnyama. Nilimchukia yule mwenye kabati.

"Dada," akaniambia, "nani alimwambia nilipo? Ni wewe?"

"Si mimi." Nikamweleza. Dereva wa lori, utani, simu kukamatwa, bosi kwenda dukani. Alisikiliza bila kuacha kupima karanga.

"Aliikomboa kwa soda."

"Ndiyo."

"Soda gani?"

"Ya nanasi."

Akafikiri. "Ilikuwa ya baridi?"

"Umeme ulikuwa umekatika. Haikuwa ya baridi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitambaa na kuiona si mbaya. "Mwambie," akasema. Nikamuuliza nimwambie nini, akasema mwambie tu. Akakunja karanga kwenye karatasi kwa vidole vya kushoto, kazi ikamchukua muda, akanipa na kukataa pesa yangu.

Nikamwambia bosi. Akaweka kalamu chini, nikadhani yamemwingia. Kisha akatoa simu, akaniambia sogea uone. Alikuwa amebadilisha paswedi. Sasa ina herufi kubwa, ndogo, namba na alama, na juu yake mpaka uweke kidole. Akasema tumejifunza, mtani. Ajali za mashine zinatokea, lakini tumejifunza.

Basi nikasubiri. Na Mungu si Athumani, kama wasemavyo, akamchukua baba wa bosi.

Mzee alizikwa kijijini kwao, njia ya Urambo, watu wa Kanisa la Moravian wenye kwaya na matarumbeta. Ofisi nzima tulikwenda. Walipotoka makaburini na kukaa uwanjani kusubiri chakula, ndugu zake wakaanza kuuliza, watani wako wapi, msiba gani huu umepoa hivi? Bosi mwenyewe akanionyesha kidole. "Mtani wangu yule pale. Binti wa Mzaramo wa reli." Wazee waliomkumbuka baba yangu wakapiga makofi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa mkobani soda ya nanasi, na nikaufunga mkono wangu wa kulia kwa kanga mpaka kwenye kiwiko. Nikamwendea bosi, nikamvua miwani, nikaivaa. Uwanja ukacheka. Nikatembea kama yeye, kitambi mbele. Nikasema kwa sauti yake, "Mama, hapa umefika benki." Nikafunga kufuli mbili hewani, taratibu. Wakacheka zaidi, maana walimjua. Kisha nikawa yule dereva, nikamchomolea simu mfukoni, mle mle, nikasema siachii mpaka uikomboe. Nikawa yeye tena, mbio dukani, meno nje. Kina mama walikuwa wanajifuta machozi kwa kanga. Nikasema, babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka baharini, miezi na miezi, na hawakufungua hata mmoja kuchungulia. Huyu mjukuu wao kabebeshwa mwanamke mmoja tu, kamwangusha kwa soda, tena ya moto.

"Na soda hiyo bei yake ni hii," nikasema, nikainua mkono uliofungwa. "Kuna fundi cherehani Igunga hana mkono. Mumewe aliuingiza kwenye mashine ya mpunga. Na aliyempeleka mume mlangoni ni huyu hapa mliyekuja kumpa pole."

Nilisema hivyo, kwa sauti yangu mwenyewe, nikiwa nimeshavua miwani. Nikasubiri wamgeukie.

Wakacheka. Kicheko kilipanda mpaka wapishi wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mzee mmoja akasema kweli huyu ni binti wa yule wa kaburini, matusi yake yana mifupa. Nikasema, sitanii. Wakacheka hilo kuliko yote. Na bosi, mfiwa, alicheka kuliko wote, akiwa ameshika tumbo, akaja na kunibandika noti kwenye paji la uso kama inavyotakiwa. Macho yake yalikuwa karibu na yangu. Alikuwa anajua kila neno nililosema ni kweli, na alikuwa anajua hakuna aliyelisikia. "Umenikomesha, mtani," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Nirudishie simu yangu sasa."

Nikamrudishia. Mtani hana cha kumfanyia mtani wake zaidi ya hapo.

Nilikuwa nanawa mikono nile nilipomwona mgeni mmoja amemsogelea, mwanaume wa makamo, shati safi, simjui mpaka leo. Alikuwa bado anacheka. Akauliza yule mtani wako balaa kweli, anakaa wapi? Mimi nilikuwa hatua chache tu, maji yananichuruzika mkononi.

"Mtendeni," bosi akasema, akimwekea mkono begani. "Ukipita msikiti mdogo, kata kushoto, nyumba ya geti la bluu, chumba cha uani. Jioni humkosi. Na anakaa peke yake."